Gayogayo na Kiti Kimoja

Nilipoingia kidato cha tatu nilikuwa na miaka arobaini na miwili, mke mmoja, watoto wanne, na mvi ambazo niliwaambia watu ni vumbi la chaki. Tulisomea hapa Voi, jioni, katika madarasa tuliyoazimwa na shule ya msingi, tukikaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la nne huku magoti yakitugusa kidevu. Mchana niliziba pancha kando ya barabara kuu. Saa kumi na moja nilinawa grisi kwa sabuni ya unga na mchanga, nikavaa shati la kola, nikawa msomi.

Na msomi nilikuwa kweli. Nilichaguliwa mwenyekiti wa darasa bila kupingwa, na katika biolojia hakuna aliyenikaribia. Sehemu za ua nilizitaja usingizini, mke wangu ni shahidi, kwa maana ndiye niliyekuwa nikimwamsha. Mwalimu akiuliza swali, darasa zima liligeuka kunitazama mimi kabla halijamtazama yeye. Mtu akishazoea kutazamwa hivyo, ni ugonjwa.

Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya kusimamisha treni. Alitaka darasa letu la watu wazima liwe na vielelezo vyake wenyewe, viumbe ndani ya chupa, kila kimoja na karatasi inayoeleza ni nini na kilipatikana wapi. Vya bara tulijaza rafu mbili. Mimi peke yangu nilileta vinyonga kutoka Sagalla, kwetu mlimani, wa kutosha kufungua kijiji chao. Cha baharini hatukuwa nacho hata kimoja. Basi siku moja akatangaza kwamba mwisho wa mwezi anashuka pwani kutafuta.

"Mzee wangu anaendesha, mimi nakaa mbele," alisema. "Nyuma ni ndoo, barafu na nyavu. Kimebaki kiti kimoja. Jumamosi ya wiki ijayo nitawapa mtihani wa kutambua kiumbe. Atakayeshinda ndiye atakayekalia hicho kiti."

Niseme hapa kwa nini kiti kile kiliniingia moyoni. Kutoka Voi hadi Mombasa ni mwendo wa asubuhi tu, na nilikuwa nimeziba magurudumu ya malori kama elfu kumi hivi yaliyokuwa yakishuka huko. Mwenyewe nilikuwa nimefika mara mbili, mara moja mazishini na mara moja kufuata tairi, na zote mbili nilirudi siku ileile nikiwa nimeiona bahari kwa mbali, nyuma ya makontena, iking'aa kama bati jipya. Haikuwahi kunilowesha hata ukucha. Nilijiambia kwamba nitakapoingia kwenye maji yale, sitaingia kama mtu aliyepotea njia. Nitaingia nimeletwa na mwalimu, daftari mkononi. Jioni ileile nikamwambia mke wangu kwamba kiti ni changu. Kesho yake nikawaambia wateja. Jumapili nikaomba kanisa liniombee safari njema.

Tatizo lilikuwa fundi.

Fundi alikuwa mwashi, Mdigo wa pwani ya kusini, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyeletwa Voi na kazi za ujenzi. Alijiunga na darasa letu muhula ule ule. Aliandika polepole kama mtu anayepanga matofali, na mwanzoni nilimhurumia, nikamwazima hata kalamu. Lakini akifungua mdomo! Kiswahili chake kilitiririka mpaka changu, kilicholelewa na Kisagalla kikashushwa mlimani kwa miguu, kikaona haya. Na mwalimu naye akaingiwa na mtindo. Akitaja kaa: "Fundi, kwenu mnamwitaje?" Akitaja mikoko: "Fundi, kwenu inafanya kazi gani?" Kwenu, kwenu, kwenu. Hakuna siku hata moja aliyoniuliza kwetu tunamwitaje kinyonga.

Wivu ulinishika kama upupu, pale pale mgongoni ambapo mkono haufiki. Nilianza kuhesabu mara ambazo fundi aliulizwa na mara ambazo niliulizwa mimi. Nilimchukia kwa sauti yake, kwa kofia yake safi, na kwa ile tabia yake ya kunirudishia kalamu kila jioni akisema, "Ahsante sana, mwenyekiti, Mungu akuzidishie." Angeiba hata moja, ningepumua.

Jumamosi ikafika. Mwalimu alikuwa amenunua samaki kwa mchuuzi anayeleta masanduku ya barafu kutoka Mombasa. Akamlaza kwenye sinia, amefunikwa gazeti, tukazunguka meza watu kumi na wanane. Kila mmoja alikuwa na karatasi tuliyoiita ufunguo. Ndani yake maswali yamepangwa mawili mawili: ukikubali hili unaenda namba fulani, ukikubali lile unaenda namba nyingine, hivyo hivyo mpaka ufikishwe kwenye jina la kiumbe.

"Haya," mwalimu akafunua gazeti. "Huyu ni nani, na makazi yake ni wapi?"

Samaki alikuwa bapa kama chapati. Juu alikuwa kahawia, amejaa madoa na vipete. Mwalimu alipomgeuza, chini alikuwa mweupe pe.

"Uwi!" akasema mama mmoja wa magharibi, aliyelelewa kwa samaki wa ziwani, ngege, kabla hajaja Voi na mumewe mfanyakazi wa reli. "Huyu si amekanyagwa na treni?"

Watu wakacheka, lakini mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimekwisha jua. Sisi watu wa mlimani samaki wa bahari tunamjua kwa sura moja tu, ng'onda. Huko nyumbani, utotoni mwangu, kila samaki aliyepanda Sagalla alifika amepasuliwa mgongoni, amefunguliwa kama daftari, ametiwa chumvi na kukauka. Mama alinunua ubavu mmoja, jirani akachukua wa pili. Ubavu huo upande mmoja una ngozi na rangi, upande mwingine ni mweupe. Kwa hiyo nilipomwona huyu niliinua mkono kabla mtu yeyote hajasoma swali la kwanza.

"Mwalimu, kabla hatujaanza nina malalamiko. Umeuziwa nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya samaki. Amepasuliwa huyu, ubavu mmoja umebaki kwa mchuuzi. Tazameni wenyewe, huku kuna rangi, huku ni nyama ya ndani."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilikuwa nikikiona kiti.

"Na ndiyo maana," nikaendelea, "macho yote mawili yako upande mmoja. Aliyempasua hakuwa mzoefu. Kisu kilikwenda upande, ubavu huu ukapata macho mawili, na ule mwingine ukatoka kipofu."

Fundi alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. Akauliza kwa upole kabisa:

"Sasa, mwenyekiti, na huo mstari wa ngozi unaozunguka wote, huku na huku, kisu kilipita wapi?"

Nikatazama. Samaki alikuwa na ngozi pande zote mbili, mapezi kuzunguka mwili mzima kama pindo la kanga, na hakuna mahali hata padogo palipoguswa na kisu.

"Kadai nusu iliyobaki, mwenyekiti!" akapiga kelele mtu wa nyuma, na darasa likaanguka. Mama wa reli alilazimika kukaa chini. Nasema kweli, kicheko kile kilisikika mpaka Miasenyi.

Fundi hakucheka. Akanawa mikono kwanza, jambo ambalo mimi sikulifanya, akamweka samaki vizuri kwenye sinia.

"Kwetu huyu ni gayogayo," alisema. "Ila gayogayo ni wengi kama wajomba. Kwanza mlaze macho juu, tumbo lielekee kwako. Kichwa kimekwenda wapi? Kushoto. Basi huyu ni wa macho ya kushoto. Wako wenzake ambao kichwa kitakwenda kulia, mdomo umepinda kama ndoana. Kuna mmoja katika hao akibanwa hutoa maji meupe mapezini, machungu, hata papa akimtia mdomoni humtema."

"Namba tatu, ndiyo," mwalimu alisema, macho yake yakifuata ufunguo. "Endelea."

"Halafu tazama hivi vipete, na hili doa jeusi kubwa hapa katikati, juu ya mstari wa ubavuni. Na pezi hili la shavuni, upande wa juu, limetoa uzi mrefu mpaka karibu na mkia. Huyu ni dume. Jike hana uzi huu. Na macho ya dume huachana zaidi."

"Na makazi?"

"Mchangani. Topeni hakai, mwambani hakai. Anataka mchanga laini, karibu na nyasi za bahari, maji yasiyo marefu. Hujifukia akabakisha macho tu. Mchanga ukiwa mweupe naye hufifia, ukiwa na changarawe naye hutoa madoa. Unaweza kumpita mara mia."

Mwalimu alifika mwisho wa ufunguo, akatusomea jina la kitaalamu, refu kama treni ya mizigo, na akasema neno la pili ndani yake linatokana na chui, kwa ajili ya madoa yale. Fundi alikuwa amefika kwenye jina bila kutazama karatasi hata mara moja. Kisha mwalimu akatueleza kwamba samaki huyu akiwa mchanga kabisa anaogelea wima kama wengine, jicho huku na jicho huku. Anapokua, jicho moja linaanza safari, linavuka kichwa polepole mpaka linafika kwa mwenzake, ndipo analala chini kwa ubavu maisha yake yote. Wenzangu waliguna kwa mshangao. Mimi nilimwelewa yule samaki kuliko wote. Jicho langu mwenyewe lilikuwa limehama muhula mzima likimtazama fundi.

"Kiti ni cha fundi," mwalimu akatangaza. Watu wakapiga makofi. Nilipiga na mimi, nadhani mara mbili.

Nyumbani nilimkuta mke wangu akichambua kunde. Uso wangu ulikuwa umekwisha msimulia.

"Amekichukua?" akasema.

"Amezaliwa na bahari yote ile, na kiti pia akichukue yeye! Kuna haki gani hapo? Ni sawa na kumpa maji mtu anayetoka mtoni."

"Si wewe uende tu? Nani amekuzuia? Bahari ina bawabu?"

"Sitaki kwenda kama mtu wa matembezi. Nilitaka kwenda kama msomi."

"Nenda kama mziba pancha, baba. Maji hayaulizi cheti."

Sikulala vizuri, na kufikia asubuhi nilikuwa na mpango ambao niliuona ni wa kitaalamu. Fundi alikuwa amemchagulia mwalimu siku, siku ya bamvua, maji yanapotoka sana na kuacha mchanga wazi hadi mbali, na amemtajia ufuo, kijijini kwa shangazi yake. Yote yalisemwa darasani mbele yangu. Basi nami nitatangulia. Nitamtafuta gayogayo wangu mwenyewe, nitawapokea ufuoni nikiwa nimembeba, na nitasema, "Karibuni, mmechelewa."

Siku hiyo ilipofika, dereva mmoja wa lori, mteja wangu wa miaka mingi, alinichukua alfajiri. Nilivuka kwa feri, nikapanda bodaboda, na saa tatu na nusu nilikuwa nimesimama mbele ya bahari. Nilikuwa nimejiandaa kusema neno kubwa. Nilisema, "Kumbe ina harufu." Kisha nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaingia, na maji yalikuwa ya uvuguvugu kama ya kuogea mtoto. Nilisahau wivu kwa dakika nzima. Huenda mbili.

Ukanirudia nilipoinua macho. Upande wa pili wa ufuo, mbele ya mikoko, walikuwa wamekwisha fika. Mwalimu amevaa kofia pana, mzee wake amejilaza kwenye kivuli cha gari, na fundi anatembea majini na wavu begani, taratibu, kama anayetembea sebuleni kwake. Nikainama. Mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, nikainama majini ili nisionekane, matako yakalowa, nikaanza kutafuta.

Nilitafuta saa nzima. Nilitazama mchanga mpaka mchanga ukaanza kunitazama. Kila jiwe lilikuwa gayogayo. Nilinasa jani, nikanasa gamba la kitu, nikakimbizwa na kaa mdogo ambaye sitakubali kusema ukubwa wake. Nilikaribia kukata tamaa nilipofika mahali penye mchanga laini kando ya nyasi za bahari, maji ya magotini, nikaweka mguu wa kulia chini, na mchanga ukatetemeka.

Ulitetemeka mara moja, kama simu ndani ya mfuko. Kisha ukatulia. Chini ya unyayo wangu kulikuwa na kitu bapa, kigumu kidogo, chenye uhai. Nilitazama chini. Karibu na kidole gumba, kutoka mchangani, macho mawili madogo yalikuwa yakinitazama.

Nilikuwa naye! Na hapo hapo nikagundua kwamba sijui kitu cha kufanya. Nikiinua mguu, anakwenda. Nikiinama, mguu unalegea, anakwenda. Nilikuwa na daftari mkononi, na daftari halikuwa na ukurasa wa jambo hili. Nikasimama. Nilisimama muda mrefu kuliko muhula wa mbunge. Jua lilinichoma shingo, mguu ukaingia ganzi, na maji yaliyokuwa magotini nikayaona yameanza kupanda mapajani, kwa kuwa bahari ilikuwa inarudi kwake.

Mtu aliyejua kumtoa samaki yule alikuwa hatua mia mbili kutoka kwangu.

Niliwaza kumwachilia. Nasema ukweli, niliwaza. Hakuna aliyeniona, ningeondoka na viatu vyangu, na fundi asingepata sifa ya pili kwa jasho langu. Lakini yule samaki akatetemeka tena, na nikajua kwamba nikimwacha, maisha yangu yote nitakuwa mtu aliyekuwa naye na hakumwona mzima. Nikafungua mdomo. Tangu ajiunge nasi nilikuwa sijamwita kwa chochote.

"Fundi! Ee fundi! Njoo, ndugu yangu!"

Aligeuka. Mwalimu naye aligeuka.

"Mwenyekiti?" mwalimu akapaza ile sauti yake. "Wewe umetoka wapi?"

"Napita tu, mwalimu!"

"Unapita kutoka Voi?"

Fundi alikuja bila haraka, akiburuta miguu mchangani badala ya kuiinua, kumbe ndivyo watu wanavyotembea huko. Alitazama chini, akanitazama usoni.

"Usitikisike. Umemkanyaga wapi?"

"Katikati, nadhani. Kichwa kiko kwenye kidole gumba."

"Kushoto?"

Nikapima, tumbo kwangu, kichwa wapi. "Kushoto," nikasema. "Ni wa macho ya kushoto."

"Ehee," akasema, na nilifurahi kama nimepewa shahada. Akazamisha mikono yote miwili, mmoja kila upande wa mguu wangu, akabana nyuma ya mashavu. "Sasa inua. Polepole, mwenyekiti, polepole, hung'oi tairi." Nikainua. Maji yakachafuka, na gayogayo akatoka mikononi mwa fundi akipigapiga, amejaa vipete na doa lake jeusi, uzi wa pezi ukining'inia.

"Nilijua!" mwalimu alikuwa anakuja mbio, simu juu, akipiga picha. "Nilijua tu ni fundi atakayempata!"

"Amempata mwenyekiti, mwalimu. Mimi nimemwokota tu."

"Shikilia hapo hapo, fundi. Tabasamu."

Angenyamaza ningemchukia kwa amani. Sasa ikabidi nimshukuru, na hakuna kitu kinachochoma wivu kama shukrani. Katika picha ile, ambayo iko ukutani darasani mpaka leo, fundi ameshika samaki, na kwenye ukingo wa kushoto kuna goti moja. Ni langu.

Jioni fundi alibaki kwa shangazi yake, kwa hiyo nilirudi Voi kwenye kile kiti, ndoo katikati ya magoti, nimekikalia baada ya mwenyewe kukitumia. Tulipopita Mariakani mwalimu alinipa kalamu na kikaratasi, akasema maelezo ya kielelezo huandikwa siku ile ile, kabla watu hawajaanza kusahau na kuongeza chumvi. Alisema hivyo akinitazama mimi. Akanisomea, nikaandika. Jina la kitaalamu, lile lenye chui. Ufuo. Dume. Aliyekusanya: akataja jina kamili la fundi, majina yote matatu.

Kalamu ilisimama. Mashimo ya barabara yangeweza kunisaidia, jina likaharibika, nani angejua? Nikasubiri shimo. Barabara ile ina mashimo siku zote, siku hiyo ilikuwa laini kama meza. Nikaandika majina yote matatu, kwa herufi safi, bila kukosea.

"Makazi," mwalimu akaendelea. "Mchanga laini kando ya nyasi za bahari, maji ya magotini."

Nikaandika. Halafu nikaongeza maneno machache, nikamrudishia. Akasoma kwa sauti: "Mchanga laini kando ya nyasi za bahari, maji ya magotini, chini ya mguu wa kulia wa mwenyekiti wa darasa." Mzee wake alicheka mpaka gari likayumba.

"Hii si sayansi, mwenyekiti."

"Mwalimu, si umesema makazi? Mimi nimekuandikia alipokuwa akikaa."

Aliishika karatasi mkononi mpaka tukaziona taa za Maungu. Kisha akanirudishia.

"Itabaki," alisema. "Lakini cheo hapana. Futa mwenyekiti, andika mwanafunzi."

Sasa nina cheti changu, na fundi ana chake. Alinizidi alama moja katika biolojia, sitaki kulizungumza. Chupa bado iko kwenye rafu. Nikipita pale huingia kumwona gayogayo. Jina la fundi liko mstari wa juu ya wangu, ni kweli. Lakini mstari wangu ni mrefu zaidi. Nimeupima kwa rula.